Uzi: Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya Wandegeya ni siasa ya Marekani ya 1954? Wasomi na wakaanga chapati njooni hapa

#1 Mwana_wa_Kalerwe
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili, nasoma sosholojia, na tumepewa kazi za mama mmoja wa Kanada anaitwa Harriet Friedmann, alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Toronto. Yeye na mwenzake Philip McMichael wa Cornell waliandika 1989 kwamba chakula duniani kina tawala zake. Kuna kipindi mambo ya nani alime nini na nani ale nini yanatulia, kila mtu anaona ni kawaida, halafu yanavunjika yanakuja mengine. Utawala wa kwanza wanauweka 1870 hadi 1914, bosi ni Mwingereza, anakula ngano ya bei rahisi kutoka Kanada, Australia, Argentina na Marekani, sisi wa nchi za joto tunampelekea pamba na kahawa. Wa pili ni baada ya vita kuu ya pili hadi 1973 hivi, bosi ni Mmarekani, ngano imemjaa maghalani hajui aipeleke wapi, 1954 wakapitisha sheria inaitwa PL 480 ya kuiuza kwa masharti laini kwa pesa ya nchi inayonunua ama kuitoa msaada. Nchi zikazoea mkate, mkulima wao wa mtama na muhogo akashindwa na bei, baadaye msaada ukaisha ila tumbo limeshazoea.

Sasa dai langu. Uganda tunalima ngano kidogo sana, karibu yote tunayokula inakuja na meli mpaka Mombasa. Lakini ukitoka nje sasa hivi, iwe Wandegeya, Kalerwe, Ntinda, popote hapa Kampala, kijana anakaanga chapati. Rolex ndiyo chakula cha taifa siku hizi, wanafunzi wanaishi kwa kikomando, chapati ya kukatwakatwa na maharage. Mimi naona nadharia ya huyu mama inaeleza yote hayo. Nani anapinga?

#2 Boda_Mwanafalsafa
Sijala tangu asubuhi wewe unanitajia rolex na mayai mawili. Niko steji nasubiri abiria, ngoja nisome vizuri. Swali la haraka, huyo mama amewahi kufika Wandegeya?

#3 Mzee_wa_Bombo
Mwanangu wa Kalerwe nakupinga mimi. Hiyo 1954 unayoitaja, sisi tulikuwa chini ya Mwingereza, Kabaka Mutesa mwenyewe alikuwa amehamishiwa London kwa nguvu, hakuna Mmarekani aliyekuwa anatumwagia ngano hapa. PL 480 ilipiga India, ilipiga Misri, ilipiga Korea Kusini. Uganda ngano ilikuja na reli. Reli ilifika Kisumu 1901, Wahindi wakaja na maduka, wakaja na chapati yao, Mwafrika akaanza kuonja kwa fundi na kwa dukawala. Mkate ukawa kitu cha mzungu na cha karani. Kwa hiyo kama ni utawala, ni ule wa kwanza, siyo wa pili.

Halafu kuna jambo vijana hamlijui. Amin alipowafukuza Wahindi 1972 vitu vilikauka. Sukari, chumvi, sabuni, mkate, vyote ikawa magendo. Sisi tulikunywa chai kavu na muhogo wa kuchemsha miaka na miaka. Mtoto aliyekulia njaa ya mkate akipata pesa atanunua nini? Mkate. Hiyo ndiyo nadharia yangu na sijaenda Toronto.

#4 Boda_Mwanafalsafa
Mzee hapo umemaliza uzi, modereta funga.

#5 Mwalimu_Tororo
Usifunge bado. Ahsante mzee wangu wa Bombo, sehemu ya pili ya maelezo yako ni nzito na sijaiona popote kwenye vitabu. Ila kuna mambo mawili niyanyooshe.

La kwanza, kijana hapo juu hajalisema ila watu wengi wakisikia nadharia hii wanadhani Friedmann anasema ngano ya bei rahisi ililetwa na mabepari wenye mashamba makubwa na vibarua. Hapana. Kazi yake ya 1978 inasema kinyume kabisa. Kwenye tambarare za Amerika ni familia, baba, mama na watoto na mashine zao, ndizo zilizoyashinda mashamba ya vibarua, kwa sababu shamba la vibarua lazima lilipe mshahara na lipate faida juu yake, familia inaweza kubana mkanda mwaka mbaya ikaendelea kulima. Ukielewa hapo utaona kwa nini wakulima wadogo wa kwetu hawafi pamoja na mateso yote.

La pili, mzee amesema PL 480 haikutupiga. Moja kwa moja ni kweli. Lakini nadharia yao haidai kwamba kila nchi ilipewa gunia. Inasema bei ya dunia ilishushwa na ile ziada, na viwanda vya kusaga, bandari, na mapishi ya mjini vyote vikajengwa juu ya bei ile. Nchi inaweza kuchelewa kuingia halafu ikaingia kwenye mtego uleule miaka ya 90 ikinunua kwa pesa yake yenyewe.

#6 Fundi_Chapati_Ntinda
Mimi siyo msomi, nakaanga. Naomba kuuliza nyinyi mnaoandika hapa nani ameshika donge la unga? Kwa sababu sababu ni rahisi tu. Kijana anakuja mjini kutoka Iganga ama Kamuli hana kitu. Akitaka kuuza matoke anahitaji sufuria kubwa, majani ya ndizi, sehemu ya kukaa wateja, maji mengi na mkaa wa asubuhi mpaka saa saba. Akitaka kuuza chapati anahitaji meza moja, chuma, sigiri, chupa ya mafuta na unga wa kukopa dukani. Unakanda saa kumi na moja alfajiri na maji ya uvuguvugu, chumvi, wengine wanaweka karoti ya kukwaruza ili ipendeze, unakata madonge unayapaka mafuta unayafunika na kaveera (mfuko wa plastiki) yalale. Usipoyalaza unga unakuvuta, unasukuma unarudi. Saa moja mteja akija chapati inatoka dakika mbili tatu, yai dakika moja, nyanya kabichi, zungusha, fungia kwenye karatasi, mtu anakula akitembea. Matoke gani utakula ukitembea?

2022 vita ya Ukraine ilipoanza unga ulipanda kila wiki. Hatukupandisha bei haraka kwa sababu mteja anakimbia, tulipunguza donge. Chapati ikawa nyembamba unaona jirani kupitia kwake. Kuna mwenye duka alikuwa ananikopesha akasimamisha mkopo, siku hiyo ndiyo nilijua Ukraine iko karibu.

#7 Dada_wa_Arua
"Unaona jirani kupitia kwake" nimecheka mpaka mtoto ameamka. Na mnakumbuka Mei mosi ile ile 2022 Rais akasema kama mkate hakuna tule muwogo, yaani muhogo? Watu walimtukana mtandaoni lakini mimi mama yangu alisema kwani uongo uko wapi.

#8 Kijana_wa_Mkaa
Wote mnazunguka. Jibu ni mkaa, fundi ameligusa akalipita. Kampala nyumba nyingi zinapika na mkaa. Mkaa ukipanda, chakula cha kuchemka masaa kinakufa. Maharage yanakula mkaa, matoke ya kuvukizwa kwenye majani yanakula mkaa, mihogo mikavu pia. Chapati unanunua imepikwa tayari na mkaa wa mtu mwingine ambaye amepika mia kwa moto mmoja. Kwa hiyo mtu wa chumba kimoja hafanyi hesabu ya ngano na muhogo, anafanya hesabu ya moto.

Na hapa ndipo sera ya mazingira inaingia, mwanafunzi andika hii. Mei 2023 Rais akatoa amri ya kiutendaji namba 3 kupiga marufuku biashara ya mkaa kutoka Acholi na maeneo mengine ya kaskazini na mashariki. Lengo ni miti, mishea inayotoa mafuta, miti iliyokaa miaka mingi inaangushwa kwa siku moja. Sawa, mimi mwenyewe natoka Gulu na nilifurahi kuona malori yanazuiwa. Lakini nani alikaa akauliza watu wa Kampala watapika nini kesho yake? Mkaa haukuisha, ulianza kusafiri usiku, na kila kizuizi kinakula chake, mwisho wa siku anayelipa ni mama wa Katwe. Sera ya msitu imegeuka sera ya chakula bila mtu kuipigia kura.

#9 Mzee_wa_Bombo
Kijana wa mkaa, zamani pia mkaa na kuni vilikuwepo na hatukula chapati. Hoja yako inaeleza kwa nini chapati inaendelea, haielezi ilianzaje.

#10 Kijana_wa_Mkaa
Mzee heshima yako, zamani Kampala ilikuwa na watu wangapi na kuni mlikuwa mnaokota wapi? Kilimani Kololo kwa matajiri?

#11 Mzee_wa_Bombo
Kololo hapo hapo ndiyo.

#12 Mkenya_wa_Malaba
Jirani zangu nawasalimu. Mimi nasema utawala wa Mmarekani sisi tuliuona kwa macho. Ukame wa 1984 Kenya ikaagiza mahindi ya njano. Watu walikula kwa sababu ya njaa lakini mpaka leo ukimwambia mzee wa kwetu ugali wa njano anakuangalia vibaya, anasema ile ni ya kuku. Sasa nauliza, kama msaada unaleta mazoea, mbona mahindi ya njano hatukuyazoea na ngano tumeizoea? Kwa hiyo siyo bei tu, kuna heshima ndani yake. Ngano ilikuja na hadhi ya mjini, mahindi ya njano yalikuja na hadhi ya njaa.

#13 Boda_Mwanafalsafa
Mkenya wewe usiongee mahindi hapa. Machi 2021 nani alifunga mpaka akasema mahindi ya Uganda yana sumukuvu, malori yamelala Busia?

#14 Mkenya_wa_Malaba
Aflatoksini si jambo la mchezo bwana. Na pia marufuku ilibadilishwa siku chache baadaye ikawa masharti ya cheti. Mbona mnakumbuka tu upande mmoja.

#15 Dada_wa_Arua
Cheti ambacho mama mwenye magunia matatu hawezi kukipata. Endelea.

#16 Mwalimu_Tororo
Swali la Mkenya kuhusu hadhi ni zuri kuliko anavyojua mwenyewe. Na posho, yaani ugali, tunayojivunia pia siyo ya babu zetu wa mbali, mahindi yalitoka Amerika, na posho ilisambaa kama mgao wa wapagazi, askari na vibarua, mpaka leo ni chakula cha shule na jela. Kwa hiyo kila chakula kina nani alikuwa analipa mishahara nyuma yake.

Lakini nataka niwaonyeshe kitu, na mwanafunzi wetu hii ikupatie alama. Friedmann mwanzoni mwa miaka ya 90 aligawa utawala wa pili mafungu matatu: fungu la ngano, fungu la vyakula vinavyodumu, yaani vya viwandani ambavyo uhai wake ni mafuta ya kupikia na utamu wa kuongeza, na fungu la mifugo inayolishwa nafaka na soya. Sasa kunjua rolex. Chapati ni fungu la kwanza. Mafuta yaliyokaangia ni fungu la pili. Yai limetoka kwa kuku wa kizungu aliyelishwa mahindi, soya na mukene (dagaa) wa kusagwa, fungu la tatu. Nyanya, kitunguu na kabichi pekee ndizo zimetoka shamba la karibu. Karne nzima ya siasa ya chakula imezungushwa kwenye karatasi.

#17 Fundi_Chapati_Ntinda
Mwalimu nitaandika hiyo kwenye kibanda changu. Ila sahihisha, chumvi inatoka Katwe ya Kasese kule ziwani wakati mwingine.

#18 Nswa_Kalangala
Hapo kwenye mafuta ndipo mimi niingie. Niko kisiwa cha Bugala, Ziwa Victoria. Michikichi ya kampuni ilipandwa huku tangu miaka ya 2000 mwanzoni, serikali, mwekezaji wa BIDCO, kampuni ya mafuta ya kupikia, na mkopo wa IFAD, mfuko wa kilimo wa Umoja wa Mataifa. Msitu uliokuwa unashuka mpaka ufukweni umegeuka mistari, unaweza kutembea usisikie ndege isipokuwa kunguru. Lakini pia nisiseme uongo, majirani zangu wenye mashamba ya mkataba wamejenga nyumba za matofali na wanasomesha. Tatizo ni chakula. Mtu aliyekuwa na mihogo na ndizi sasa ana michikichi mpaka mlangoni na matoke yanakuja na feri kutoka Masaka. Siku feri imeharibika mnatazamana tu na mitungi ya mafuta.

Na hilo la mukene kulishwa kuku linaniuma. Huku mukene ndio nyama ya maskini. Kiwanda cha chakula cha kuku kikija na bei ya juu mwambao, mama mwenye watoto anapata makombo yenye mchanga.

#19 Musoga_Halisi
Nswa wewe una michikichi, sisi tuna miwa. Busoga miwa imepandwa mpaka ukuta wa jikoni, inakaa miezi kumi na minane hivi shambani kabla haijakatwa, muda wote huo mtu anakula nini? Anakopa kwa mwenye lori akimwekea miwa rehani. Halafu vijana wetu wanaenda Kampala kukaanga chapati, si mnaona fundi hapo juu ametaja Iganga na Kamuli? Unganisha mwenyewe. Nyumbani ardhi imekuwa sukari, kijana hana bustani, anaenda mjini kuuza ngano ya ng'ambo kwa watu ambao nao ardhi yao imekuwa kitu kingine. Na rolex yenyewe ni uvumbuzi wetu Wasoga, hilo halina mjadala.

#20 Boda_Mwanafalsafa
Limeanza.

#21 Mwana_wa_Kalerwe
Wakuu nashukuru, naandika kwa kasi. Naomba niulize upande wa mazingira maana ndio swali la kozi. Mwaka 2005 Friedmann aliandika kwamba utawala wa tatu unaokuja unaweza kuwa wa kampuni na mazingira pamoja. Yaani watu wa Ulaya na Marekani walipiga kelele kuhusu misitu, dawa za kuulia wadudu, haki za wanyama, biashara ya haki, supamaketi zikachukua zile kelele zilizozipendeza zikazigeuza viwango vyao vya ununuzi. Matajiri wanapata chakula kisafi chenye cheti, maskini wanapata kilichobaki, na mkulima anafuata masharti aliyoandikiwa na duka ambalo hajawahi kuliona. Uganda hii tunaiona wapi?

#22 Nyabo_wa_Mbale
Unaiona kwenye kahawa mwanangu. Umoja wa Ulaya walipitisha 2023 sheria kwamba kahawa ikitoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 2020 haiingii kwao. Tarehe ya kuanza wameisogeza lakini huku maandalizi yalianza zamani. Ulaya ndiyo wanunuzi wetu wakubwa, Italia ikiongoza, kwa hiyo hatuna pa kukimbilia. Walikuja vijana na simu wanazunguka mipaka ya shamba, wanabonyeza kila kona, simu inachora ramani. Shamba langu liko mteremkoni, kahawa chini ya ndizi, maharage katikati, simu inasoma kona hii mara inasema niko kwa jirani. Kijana akaniambia mama sogea kidogo. Nisogee wapi na mpaka uko hapa tangu baba mkwe?

Halafu wakauliza jina la mwenye ardhi. Ninayelima ni mimi, ninayechuma ni mimi, aliyeandikwa ni bwana ambaye yuko Juba anaendesha lori. Cheti kikija kitakuja na jina lake. Hiyo ndiyo sera ya mazingira kwa macho yangu. Msitu siupingi, misitu ya Mlima Elgon ikikatwa sisi ndio tunaofunikwa na udongo, tumeshazika watu Bududa 2010.

#23 Kijana_wa_Mkaa
Nyabo hapo kwenye jina la mwenye ardhi ndipo penye uzi wenyewe.

#24 Profesa_wa_Mtaani
Nimesoma toka juu. Ninyi mnaisifu nadharia bure. Kazi ya wasomi hawa ni kuchora ramani kubwa sana halafu kila kitu kinaingia. Ngano ikiingia ni utawala wa pili, kahawa ikipimwa ni wa tatu, pamba ya 1903 ni wa kwanza. Nadharia isiyoweza kukosea ni dini. Mimi natazama ushuru. Afrika Mashariki kwenye kitabu ngano ina ushuru wa asilimia 35, halafu nchi zinaomba nafuu mwaka baada ya mwaka, wenye vinu wanashuka chini sana. Muhogo hauna mtu wa kuuombea nafuu pale Arusha, makao ya Jumuiya. Bia imetufundisha. Mwaka 2002 Nile Breweries walitoa bia ya Eagle ya mtama aina ya Epuripur, serikali ikapunguza ushuru wa bia ile, wakulima Teso wakapata soko. Ikiwezekana kwa bia inashindikana vipi kwa mkate? Ni wizara moja tu kuamua.

#25 Mwalimu_Tororo
Profesa, nadharia hiyo inapingwa hata ndani ya nyumba. McMichael anasema tuko kwenye utawala wa makampuni tangu miaka ya 80 na WTO, shirika la biashara la dunia la 1995, ndiyo katiba yake, Friedmann ana mashaka kama umeshatulia kiasi cha kuitwa utawala. Hata wao hawakubaliani kwa hiyo dini haijafika. Na Obasanjo Nigeria alijaribu kulazimisha wasagaji wachanganye asilimia 10 ya unga wa muhogo. Wizara iliamua, vinu vikapiga chenga. Uamuzi peke yake hautoshi.

#26 Profesa_wa_Mtaani
Basi wizara iamue mara mbili.

#27 Mama_Nakati
Nyie mnaongea Ulaya na Toronto, mimi mboga zangu ziliisha Lubigi hapa hapa. Tulikuwa tunalima bwawani, yaani kwenye kinamasi, dodo, nakati, magimbi. 2024 wakaja na katapila na askari, wakasema bwawa linarudishwa. Nakubali bwawa ni bwawa, mafuriko ya Bwaise kila mvua tunayajua. Lakini aliyemwaga kifusi akajenga ghala la ghorofa siku zote ana karatasi, sisi wa jembe ndio wa kwanza kuambiwa tunaharibu mazingira. Sasa mboga nanunua sokoni kama nyinyi.

#28 Daktari_wa_Maji
Pole mama. Ila niseme la kiafya bila kukuudhi. Magimbi ya Nakivubo, bwawa lingine la hapa Kampala, yanakua kwenye maji yaliyobeba uchafu wa jiji, na bwawa lile ndilo linalochuja kabla maji hayajaingia ghuba ambapo maji ya bomba ya Kampala yanavutwa, pale Ggaba. Ukilima sana bwawani, matope yanafunguka, kazi ya kuchuja inapungua, wote tunakunywa. Kwa hiyo anayezuia kilimo pale siyo lazima awe adui wa maskini.

#29 Mama_Nakati
Daktari uchafu huo nimeumwaga mimi? Hoteli na viwanda vinamwaga, magimbi yangu yanakunywa, halafu mimi ndio nifukuzwe.

#30 Mwana_wa_Kalerwe
Mama Nakati hapa kuna kitu. Toronto wana baraza la sera ya chakula la jiji tangu 1991, na Friedmann mwenyewe alikaa ndani yake. Wanakaa watu wa afya, wakulima, wenye maduka na wasomi meza moja. Kampala ilipitisha kanuni za kilimo cha mjini tangu 2006, kwa hiyo kulima mjini siyo dhambi kisheria. Tungekuwa na baraza kama lile daktari na mama wangekutana kabla ya katapila.

#31 Boda_Mwanafalsafa
Baraza lingekutana, wangekula posho ya kikao, wangeondoka na rolex.

#32 Dada_wa_Arua
Mimi nirudi kwa mzee wa Bombo na mwanzisha uzi, msaada wa chakula. Huku West Nile hatusomi kitabu, tunauona. Kambi ya Bidibidi ilifunguliwa 2016, wakimbizi wa Sudan Kusini, WFP (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) inaleta mahindi, maharage, mafuta. Chakula kile kinauzwa sokoni, mtu anauza mahindi anunue dagaa na kusaga, mchuuzi wa Arua anayanunua, mkulima wa Terego analalamika bei imeanguka. Hiyo ni hoja ya Friedmann sawa. Lakini mahindi mengi WFP wanayanunua hapa hapa Uganda, siyo ya Kansas, na mgao ulipokatwa wafanyabiashara wetu ndio walilia kuliko wakimbizi. Kwa hiyo msaada umetuua ama umetulisha? Mimi nimeona yote mawili mtaa mmoja.

#33 Mzee_wa_Bombo
Binti yangu hapo umesema kweli ambayo haitaingia kwenye mtihani.

#34 Mkulima_Kween
Jamani mnasema Uganda hailimi ngano, sisi wa Kween, Kapchorwa na Bukwo ni akina nani? Tunalima mlimani kule baridi, na shayiri ya bia pia. Ni kidogo kulinganisha na inayoingia Mombasa, nakubali. Familia tu na trekta la kukodi, kama ile habari ya 1978 ya mwalimu. Shida ni barabara na mnunuzi. Vinu vikubwa vinataka shehena moja sawasawa kavu, sisi tunaleta gunia moja moja lenye unyevu tofauti, wanasema hapana.

#35 Fundi_Chapati_Ntinda
Kween kaka, unga wenu unavutika? Maana mimi nilijaribu kuchanganya muhogo wakati ule wa 2022, kidogo unakubali, ukizidisha donge linapasuka ukisukuma, chapati inakatika kama biskuti na mteja anarudisha. Mambo ya asilimia 10 naweza, zaidi ya hapo wizara ije ikaange yenyewe.

#36 Mkulima_Kween
Unavutika, mama watoto anapika hapa. Ila kuupata Ntinda ndio sijui. Wanaokuja kununua ni Wakenya, wanapitia Suam na lori.

#37 Mkenya_wa_Malaba
Na tunasaga Kitale ama Eldoret tunawarudishia kwenye pakiti. Karibuni.

#38 Boda_Mwanafalsafa
Aflatoksini haikuwepo kwenye hiyo?

#39 Nyabo_wa_Mbale
Kween, gunia la kilo mia sasa hivi bei gani? Kuna akina mama hapa Mbale wana mashine ya kusaga na mnada wa Jumamosi. Nijibu pembeni.